Kutoka mdomoni hadi mwisho wa njia: kumbukumbu za kidonge chenye kamera

Madini ya chuma yalikuwa yamepungua mwilini mwangu kwa muda mrefu, na mahali damu ilipokuwa ikipotelea hapakujulikana. Kipimo cha mpira wa mdomoni kilifika mwanzoni mwa utumbo mwembamba bila kuona kitu. Cha njia ya haja kubwa kiliishia pale utumbo mpana unapoanzia, nacho hakikuona kitu. Katikati ya vituo hivyo viwili zikabaki mita kadhaa za utumbo mwembamba ambazo mipira ya kawaida haizifikii. Daktari akaniambia kuna njia ya kuziona: nimeze kamera.

Kidonge chenyewe kina urefu wa milimita 26 na upana wa milimita 11. Ndani yake mna kamera, taa ndogo, betri na kisambaza mawimbi. Aliyekibuni ni mhandisi wa Israeli, Gavriel Iddan, na Marekani iliruhusu kitumike kwa wagonjwa mwaka 2001. Kwa kuwa hupiga picha mbili au zaidi kila sekunde, safari moja huacha picha zaidi ya 50,000. Niliomba nakala, nikapewa kwenye flashi. Haya yafuatayo nimeyajenga upya nyumbani kwa kuoanisha picha hizo, ambazo kila moja ina saa yake, na daftari nililokuwa nikiandika siku zile. Kilichosafiri ni kidonge. Mimi nilikuwa barabara.

Siku ya maandalizi

Mchana vinywaji vyepesi tu, jioni dawa ya kusafisha tumbo, na kuanzia saa 2 usiku sikutia kitu kinywani. Saa za chooni nazipita.

Nilichokiandika usiku ule ni ngurumo. Ilikuja, ikanyamaza, ikarudi baada ya muda mrefu kidogo. Wengi tunadhani ni njaa inalia, kumbe ni ufagio unapita. Tumbo likikaa tupu, kila baada ya dakika 90 hadi 120 wimbi kali la misuli huanzia tumboni na kushuka polepole mpaka mwisho wa utumbo mwembamba, likisukuma mabaki yote: maganda, mbegu, ute, seli zilizokufa, na bakteria waliopanda mahali pasipo pao. Ukila tu, wimbi hilo husimamishwa. Ndiyo sababu mtu hufunga kabla ya kipimo hiki. Kidonge hakisagiki, na mlango wa kutokea tumboni haufungukii kitu kikubwa namna ile ila wimbi la kufagia linapopita.

Kwa watakaofuata: waambieni mapema kama mmewahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo, kama mna kifaa cha moyo, au kama chakula huwahi kuwakwama. Pakiwa na wasiwasi kwamba utumbo umebana mahali, kuna kidonge cha majaribio kinachoyeyuka chenyewe ambacho hutangulizwa kukagua njia. Na vidonge vya madini ya chuma husimamishwa siku kadhaa kabla, kwa sababu hutia weusi kwenye kuta na picha zikaharibika.

Siku ya kwanza, saa 2:05 asubuhi: mdomoni na kwenye umio

Muuguzi alinibandika vihisi tumboni, akanifunga mkanda wenye kinasa picha kiunoni, akanipa kikombe cha maji. Kwenye kiti cha pili alikuwa amekaa mzee aliyekuja kurudisha mkanda wake. Aliniona nikikigeuzageuza kidonge mkononi.

"Usirudishe kichwa nyuma, mwanangu," akasema. "Inamisha kidogo mbele, meza na maji mengi."

Nikafanya hivyo, kikateremka. Baadaye nilielewa kwa nini ushauri wake ulikuwa mzuri: kidonge chepesi huelea juu ya maji, na kichwa kikiinama mbele, sehemu ya juu ya maji huwa ndiyo upande wa koo.

Kidonge kilipita mdomoni bila kufanyiwa kazi yoyote, na hapo ndipo kilipotofautiana na chakula. Chakula hukatwa na kusagwa na meno, hugeuzwa na ulimi, na hulowanishwa na mate ambayo mwili hutengeneza lita moja hadi moja na nusu kwa siku. Mate yana kimeng'enya cha amilesi kinachoanza kuukata wanga kuwa sukari hapo hapo mdomoni. Tafuna kitu chenye wanga kwa muda mrefu bila kumeza, utaonja utamu ukitokea taratibu.

Kumeza ni tendo unaloanza kwa hiari na kumalizwa bila hiari. Ulimi ukishasukuma tonge nyuma, mengine hayakusubiri wewe: kaakaa laini linapanda na kuziba njia ya pua, zoloto linainuka, kidakatonge kinafunika njia ya hewa, pumzi inasimama kidogo, na mlango wa juu wa umio unafunguka. Yote hayo huchukua kama sekunde moja. Halafu zinafuata sentimita 25 za umio, ambako misuli hubana nyuma ya tonge na kulegea mbele yake. Tonge gumu hushuka kwa sekunde nane hadi kumi. Uzito wake si lazima, maana wanaanga wanakula na kumeza vizuri huko wasikokuwa na uzito.

Kwenye flashi umio una picha chache mno: ukuta wa waridi, kiduara cheusi mbele, kisha mstari wa kupindapinda pale ngozi ya umio inapokutana na ngozi ya tumbo. Kufikia saa 2:06 tulikuwa ndani.

Saa 2:06 hadi 3:20: tumboni

Hapa tulikaa.

Mtaalamu wa kipimo aliniruhusu nitazame picha zikiingia moja kwa moja kwenye kioo kidogo. Mikunjo minene, povu, mikunjo tena. Kidonge kilikuwa kikisogea mpaka karibu na mlango wa kutokea kisha kikirudishwa nyuma. Mara tatu kwa dakika ukuta ulikuwa ukijikunja kuelekea upande ule, na kila mara kamera ilitupwa ilikotoka. Baada ya nusu saa nilianza kuwa na wasiwasi. Muuguzi akanitazama usoni akacheka kwa upole, akasema, "Tumbo halina haraka. Lalia ubavu wa kulia." Akaniletea mto na shuka, ingawa kazi yake kwangu ilikuwa imekwisha na alikuwa na wengine wa kuhudumia.

Kile kurudishwa nyuma ndiko kusaga kwenyewe. Mlango wa chini wa tumbo hupitisha chembe zilizofikia milimita moja au mbili tu. Kikubwa zaidi hugonga mlango, kikarudi, kikachanganywa na majimaji, kikagonga tena. Tumbo tupu linabeba kiasi kidogo sana, lakini kuta zake hulegea na kupokea lita moja au moja na nusu bila kuumiza. Majimaji yake, karibu lita mbili kwa siku, yana tindikali kali ya kiwango cha pH 1.5 hadi 3.5. Tindikali hiyo huua vijidudu vingi, hufumua protini zilizojiviringa, na huamsha pepsini, kimeng'enya ambacho hutolewa kikiwa kimelala ili kisiwale waliokitengeneza. Ukuta wenyewe unalindwa na ute mzito, na seli zake za juu hubadilishwa kila baada ya siku chache.

Tulikuja kuyajua mengi ya haya kwa sababu ya jeraha. Tarehe 6 Juni 1822, kwenye kisiwa cha Mackinac nchini Marekani, kijana wa biashara ya manyoya aliyeitwa Alexis St. Martin alipigwa risasi ya bahati mbaya ubavuni. Alipona, lakini tundu la tumbo halikuziba. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alianza kuning'iniza vipande vya chakula kwa uzi wa hariri kupitia tundu lile, akivitoa kila baada ya muda kuona vimefika wapi. Mwaka 1833 alichapisha majaribio zaidi ya 200. Alithibitisha kwamba juisi ya tumbo huyeyusha chakula hata ikiwa kwenye chupa nje ya mwili, ilimradi iwe na joto la mwili. Aliona pia kwamba hasira za St. Martin zilibadilisha tumbo lake. Mimi huwa namfikiria zaidi St. Martin kuliko daktari. Alivumilia kufunguliwa na kuchunguzwa miaka mingi, na kila tunachosoma kuhusu kituo hiki kina deni kwake.

Saa 3:20 tundu dogo likafunguka katikati ya picha, kama kwa ghafla, na kamera ikapita. Wimbi la kufagia lilikuwa limefika.

Kwa watakaofuata: chakula hakipiti kwa saa sawa na kidonge. Maji matupu huanza kutoka ndani ya dakika chache. Mlo mchanganyiko hukaa saa mbili hadi nne au tano, na ukiwa na mafuta mengi hukaa zaidi. Mnapojisikia wazito saa tatu baada ya mlo wa mafuta, hakuna kilichoharibika.

Saa 3:20 hadi 3:35: duodeni

Huu ndio mwanzo wa utumbo mwembamba. Robo saa tu, sentimita 25 hivi, lakini nimeirudia kuitazama kuliko sehemu nyingine yoyote. Rangi inabadilika. Tumboni kila kitu kilikuwa cha waridi. Hapa picha zinageuka manjano na kijani, na kwenye picha moja kinaonekana kichuchu kidogo ukutani chenye tone la dhahabu. Ndipo nyongo na juisi ya kongosho zinapoingilia.

Rojo linalotoka tumboni ni kali kiasi cha kuuchoma utumbo, basi ni lazima kongosho limwage magadi ya kuizima tindikali, na limwage wakati ule ule, si kabla wala baada. Linajuaje? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa kwamba neva hupeleka habari. Januari 1902, kwenye chuo cha University College London, William Bayliss na Ernest Starling walikata neva zote za kipande cha utumbo wa mbwa aliyelazwa kwa dawa, kikabaki kimeunganishwa na mwili kwa mishipa ya damu pekee. Wakatia tindikali ndani ya kipande kile. Kongosho likaanza kutoa juisi. Habari ilikuwa imesafiri ndani ya damu. Waliiita kemikali ile sekretini, na ilikuwa ya kwanza kutambuliwa katika kundi ambalo leo tunaliita homoni.

Hiyo sekretini ina mwenzake, kolesistokinini, ambaye huitika mafuta na protini zinapofika. Huminya kifuko cha nyongo, huliambia kongosho lilete vimeng'enya, na hupeleka habari nyuma kwa tumbo: punguza mwendo, huku bado tunashughulika. Nilikuwa nikidhani chakula husukumwa tu kutoka juu kwenda chini. Picha hizi zilinibadilisha. Kila mlango hungoja ruhusa ya ule ulio mbele yake, na kungoja huko ndiko kunakofanya chakula kiwe tayari.

Nyongo haina kimeng'enya hata kimoja. Kazi yake ni kuyavunja matone makubwa ya mafuta kuwa madogo sana, ili lipesi ya kongosho, kimeng'enya cha kukata mafuta, ipate mahali pa kushika. Juisi ya kongosho nayo huja na vimeng'enya vya protini vikiwa vimelala, na kimeng'enya cha ukuta wa duodeni ndicho huviamsha. Vikiamka mapema, ndani ya kongosho lenyewe, hulila, na huo ni ugonjwa mkali wa kulazwa hospitalini.

Saa 3:35 hadi 6 mchana: sehemu ya kati ya utumbo mwembamba

Kwa wingi wa picha hii ndiyo safari yenyewe. Mwendo ni sentimita moja au mbili kwa dakika, mara mbele, mara kusimama, mara kurudi kidogo. Utumbo hujibana hapa na pale kama kuchanganya kabla ya kusukuma.

Ukuta umejaa vijidole laini vya nusu milimita hadi milimita moja, vinavyopepea ndani ya maji. Kila kijidole kimefunikwa na seli zenye vijidole vidogo zaidi visivyoonekana kwa kamera hii. Zamani tuliambiwa ukuta huu ukitandazwa unaenea uwanja mzima wa tenisi. Watafiti wa Sweden waliupima upya mwaka 2014 wakapata mita za mraba kama 30. Kwangu hizo bado ni nyingi mno kwa kitu kilichokunjwa chini ya kitovu changu. Seli za vijidole hivyo huishi siku tatu hadi tano, kisha humwagika na nyingine huchukua nafasi.

Hapa chakula kinakuwa mwili. Wanga uliokatwakatwa unakatwa kwa mara ya mwisho na vimeng'enya vilivyo juu ya seli zenyewe, protini vilevile. Sukari na vipande vya protini huingia kwenye damu ya kijidole, ikaenda kwa mshipa mkubwa moja kwa moja hadi kwenye ini, ambalo hukagua, huhifadhi na hugawa. Mafuta yana njia yake. Seli huyafunga upya kwenye vifurushi vidogo na kuyapeleka kwenye mrija wa limfu katikati ya kijidole, na yanapanda kifuani mpaka kuingia damuni karibu na mfupa wa mtulinga wa kushoto, bila kupita kwanza kwenye ini.

Kuna mlango mmoja wa hapa ambao kila mzazi angepaswa kuujua. Mwaka 1960, kwenye mkutano wa Prague, mwanasayansi Robert Crane alieleza kwamba glukosi huingia seli za utumbo ikiwa imeshikana na sodiamu ya chumvi. Vikiingia pamoja, maji hufuata. Mgonjwa wa kipindupindu hupoteza maji kwa kasi ya kuua, lakini mlango huo wa sukari na chumvi hubaki unafanya kazi. Ndiyo maana pakiti ya ORS, unga wa sukari na chumvi wa kuchanganya na maji, huokoa maisha pale ambapo maji matupu hayatoshi.

Kwa watakaofuata, na kwa kila mwenye mtoto: changanyeni ORS kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti. Mkizidisha sukari, maji yatavutwa kurudi ndani ya utumbo na kuhara kutaongezeka. Mpeni mtoto kidogo kidogo, hata akiwa anatapika.

Saa 4:12 mtaalamu aliyekuwa akipita alisimama mbele ya kioo. Kulikuwa na doa jekundu ukutani, dogo, lenye kingo kama mizizi. Hakusema kitu zaidi ya "Daktari atazisoma zote," lakini alivuta kiti, akakaa nami dakika chache akinielekeza vijidole na mikunjo mpaka moyo wangu ukatulia. Niliandika saa ile daftarini na kuizungushia duara.

Nikiwa bado nangoja, nilijumlisha gharama ambazo mwili hulipa kwa siku moja ya kula. Mate lita moja au zaidi, juisi ya tumbo mbili, nyongo nusu hadi moja, kongosho moja hadi moja na nusu, na utumbo wenyewe lita nyingine. Kama lita saba kwa jumla. Ongeza lita mbili za chakula na vinywaji, zinakuwa tisa zinazopita humo. Zinazotoka mwishoni ni mililita 100 hadi 200. Zilizobaki zote hurudishwa, nyingi zikiwa zimerudi kabla ya utumbo mpana. Nguvu nazo hulipwa: katika mlo mchanganyiko, karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu za chakula hutumika kukishughulikia chakula chenyewe, na protini hudai zaidi ya wanga na mafuta.

Saa 6 mchana: mlo, kamera ikiwa mbele

Saa mbili baada ya kumeza niliruhusiwa maji, na saa nne baada ya kumeza mlo mwepesi. Mkate, yai, mboga kidogo. Mate yalijaa kabla sijafungua kifuniko, na tumbo nalo lilikuwa limeshaanza kutoa tindikali, maana harufu na kuona vinatosha kulianzisha. Ivan Pavlov alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya usagaji chakula, na ni katika kazi hiyo ndipo alipoonyesha kwamba mbwa hutoa juisi ya tumbo hata kama chakula hakijafika tumboni.

Sasa palikuwa na wasafiri wawili katika barabara moja. Chakula kilikuwa kinaanza kusagwa, na kidonge kilikuwa kimefika sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Vijidole huko ni vifupi, mikunjo imepungua, na ukutani kuna uvimbeuvimbe laini wa kawaida, ambao ni makambi ya seli za kinga. Vitamini B12 huchukuliwa hapa, ikiwa imeshikwa na protini iliyotengenezwa tumboni. Chumvi za nyongo nazo huchukuliwa hapa, karibu zote, zikarudishwa kwenye ini kutumika tena.

Kidonge kilikuwa kimekwama mbele ya mlango wa kuingilia utumbo mpana, midomo miwili minene iliyofumbwa. Mlo unapoingia tumboni, neva na homoni huupelekea habari mwisho wa utumbo mwembamba: harakisheni, wenzenu wanakuja. Misuli ya pale huongeza nguvu na mlango hulegea. Saa 7:50 midomo ikafunguka. Daftarini nimeandika tu, "Nimekula, wamefungua."

Saa 11 jioni: betri

Picha ya mwisho ni giza lenye doa la manjano, mahali fulani upande wa kulia wa utumbo mpana. Niliurudisha mkanda, muuguzi akanibandua vihisi kwa pamba iliyoloweshwa ili ngozi isiume, nikaenda nyumbani na kidonge kisichoona tena.

Siku ya pili: gizani

Kutoka hapa sina picha. Utumbo mpana una urefu wa mita moja na nusu hivi: unapanda kulia, unavuka chini ya mbavu, unashuka kushoto. Utumbo mwembamba ulivukwa kwa saa chache. Hapa kitu kinaweza kukaa siku nzima, mbili hata tatu.

Wenyeji wa huku si sisi. Hesabu ya mwaka 2016 iliweka bakteria wa mwili wa mtu mzima kwenye trilioni 38, wengi wao wakiwa hapa, na wote pamoja wana uzito wa kama gramu 200. Nyuzinyuzi za mboga na nafaka, ambazo hatuna kimeng'enya cha kuzikata, wao wanazikata. Malipo yao ni asidi za mafuta mafupi, na mojawapo, butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Hutengeneza pia vitamini K. Gesi ni zao la kazi hiyo, na mtu anayekula nyuzinyuzi nyingi hana la kuonea haya. Sikuwahi kufikiri kwamba ukuta wa utumbo wangu unalishwa na wageni.

Kwa watakaofuata: ongezeni nyuzinyuzi polepole, wiki kwa wiki, pamoja na maji. Mkiongeza ghafla, tumbo hujaa gesi na mtaziacha.

Siku ya tatu, asubuhi

Mara chache kwa siku, hasa baada ya mlo wa kwanza, utumbo mpana husukuma kwa mkupuo mrefu mpaka kwenye puru. Tumbo likitanuka kwa chakula, utumbo mpana huambiwa upishe nafasi. Ndiyo sababu wengi hutafuta choo baada ya kufungua kinywa. Puru likijaa, mlango wa ndani hufunguka wenyewe, na wa nje hubaki chini ya amri yako. Kuanzia kumeza hadi hapa, ni mlango wa kwanza tunaoulizwa.

Kidonge kilitoka asubuhi ile. Hutupwa tu, hakirudishwi.

Kwa watakaofuata: kiangalieni mpaka mkione. Kisipoonekana ndani ya wiki mbili, mwambieni daktari apige eksirei. Na msiingie kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha kwa sumaku kali, kabla ya kuhakikisha kimetoka. Kuhusu choo chenyewe, kuinua miguu juu ya kigoda kidogo hunyoosha kona ya puru na kupunguza kukamua. Rangi ya kahawia hutokana na nyongo iliyobadilishwa na bakteria. Choo cheusi kama lami, chenye damu, au cheupe kama chaki ni cha kupelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo.

Wiki iliyofuata: majibu

Doa la saa 4:12 lilikuwa kijishipa cha damu kilichotanuka, ambacho huvuja kidogo kidogo bila maumivu. Kinaweza kufikiwa kwa mpira mrefu maalumu na kuchomwa kwa joto, na tarehe imeshapangwa.

Kwa sasa nimerudia vidonge vya madini ya chuma. Chuma huchukuliwa hasa kwenye duodeni, zile sentimita 25 za robo saa, kwa hiyo nafasi yake ni fupi. Ninavimeza na tunda lenye vitamini C, ambayo husaidia, na nimehamisha chai, kahawa na maziwa vikae mbali na saa ya dawa kwa sababu huzuia. Choo kinakuwa cheusi kidogo kwa dawa hizo, na daktari alinieleza mapema ili nisishtuke.